Alfred Wilm na Alumini Inayokomaa

Mwalimu mwanafunzi anapopelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, mara nyingi huwa na hofu moja kubwa katika somo la sayansi. Hofu hiyo ni kwamba jaribio litatoa jibu lisilolingana na lile la kitabuni. Kwa ajili hiyo wapo walimu wanaoandika jibu ubaoni kabla jaribio halijafanyika, na wapo wanaomwambia mtoto akifute kipimo alichokipata kwa mikono yake na kuandika kinachotakiwa. Katika makala hii tumekusudia kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye kila aliyesomea elimu ya metali analijua jina lake, nasi walimu wa shule za msingi tunastahili kumjua. Mtu huyo ni Mjerumani Alfred Wilm. Ugunduzi wake mkubwa ulitokana na kipimo ambacho kilikuwa na kila dalili ya kosa, naye akakataa kukifuta.

Habari zake si ngeni kwa mazingira yetu ya Mkoa wa Songwe kama zinavyoweza kudhaniwa. Mwanafunzi wa Tunduma huona kila siku malori yakisubiri kuvuka mpaka, na mengi kati ya yale yanayotoka Zambia na Kongo hupita yakiwa na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Ndani ya injini za magari mengi mna pistoni za alumini zilizosubiwa, yaani zilizotengenezwa kwa kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu. Nyumbani kwao kuna sufuria za alumini. Shaba ile, alumini ile na moto wa tanuri ndivyo vitu vitatu vya kisa hiki. Mwalimu wa Tunduma, Vwawa au Mlowo hana haja ya kwenda mbali kutafuta zana za kufundishia.

Maisha yake ya mwanzo

Alfred Wilm alizaliwa tarehe 25 Juni, 1869, katika kijiji cha Niederschellendorf, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani na leo sehemu yake kubwa imo katika nchi ya Polandi. Katika utoto wake alumini ilikuwa metali ya thamani na adimu, kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi ya kuitenga na udongo wake. Mwaka 1886, kabla Wilm hajatimiza umri wa miaka 17, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa waligundua, kila mtu kwa nafasi yake, njia ya kuitenga alumini kwa umeme. Baada ya hapo bei yake ilishuka, na watu wakaanza kujiuliza ingefaa kwa kazi gani.

Sifa ya alumini ilikuwa wepesi wake. Ukichukua kipande cha alumini na kipande cha chuma vya ukubwa mmoja, cha alumini kitakuwa na uzito wa karibu theluthi moja tu ya kile cha chuma. Kasoro yake ilikuwa ulaini. Alumini safi hupindika na kubonyea kwa urahisi, na kitu kinachobonyea hakiwezi kubeba mzigo mzito. Hilo ndilo tatizo lililomkabili Wilm alipoanza kazi mwaka 1901 katika kituo cha utafiti cha Neubabelsberg, karibu na mji wa Berlin. Kazi aliyopewa haikuwa ya amani. Watengenezaji wa silaha walitaka metali nyepesi ya kutengenezea maganda ya risasi, badala ya mchanganyiko wa shaba na zinki uliokuwa ukitumika.

Wilm alianza na jambo lililojulikana tangu zamani. Kila mhunzi anayefua chuma cha pua anajua kwamba kikitiwa moto hadi kikawa chekundu, kisha kikazamishwa ghafla katika maji, huwa kigumu papo hapo. Wilm akajiuliza kama alumini iliyochanganywa na metali nyingine ingeweza kufanywa hivyo hivyo. Alijaribu michanganyiko mingi kwa miaka kadhaa. Kuhusu ile iliyokuwa na shaba kiasi cha asilimia 4 aliona kwamba moto na maji viliibadili kidogo, lakini si kwa kiasi alichokitaka.

Kipimo cha Jumatatu

Mwaka 1906 alitengeneza mchanganyiko mwingine. Ndani yake mlikuwa na alumini, shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesi kiasi cha nusu asilimia. Bamba la mchanganyiko huo lilitiwa moto kufikia nyuzi 520 hivi za Sentigredi, kiwango ambacho ni chini ya kile cha kuyeyuka, kisha likapozwa ghafla. Inasimuliwa kwamba siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na saa za kazi zilikuwa zinakaribia kwisha. Msaidizi wake alipima ugumu wa bamba mara moja tu, akapata matokeo yasiyofurahisha. Vipimo vilivyobaki viliahirishwa mpaka Jumatatu.

Jumatatu bamba lile lile lilipopimwa tena, lilikuwa gumu zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko lilivyokuwa Jumamosi. Hakuna mtu aliyekuwa amelitia moto tena wala kulifua kwa nyundo. Lilikuwa limelala mezani siku mbili tu.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo na kufikiri. Mtu angeweza kusema kwamba mashine ya kupimia ilikuwa mbovu, au kwamba msaidizi hakusoma vizuri siku ya kwanza. Sababu hizo zilikuwa tayari, nazo zilikuwa rahisi kuliko kuamini kwamba metali iliyopoa inaweza kuendelea kubadilika yenyewe. Wilm hakuzipokea sababu hizo bila kuzijaribu, wala hakukimbilia kutangaza maajabu. Alirudia kazi yake. Alitayarisha vipande vingine, akavitia moto, akavipoza, kisha akavipima baada ya muda mfupi na baada ya siku kadhaa. Aliona kwamba ugumu huanza kuongezeka baada ya saa moja au mbili, huendelea kupanda, na baada ya siku nne au tano huwa umekaribia kikomo chake. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu unaorudiwa, na jambo linalorudiwa kwa utaratibu si kosa.

Mwaka 1909 ugunduzi huo ulipata hati ya kuulinda, na kiwanda cha Dürener Metallwerke cha mji wa Düren kikaanza kutengeneza metali hiyo kwa jina la Duralumin. Mwaka 1911 Wilm alichapisha maelezo ya majaribio yake. Kukomaa huko kwa metali baada ya kupozwa ndiko tutakakokuita ukomavu katika makala hii.

Sababu iliyochelewa kujulikana

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wilm mwenyewe hakuweza kueleza sababu. Alipotazama metali yake kwa hadubini za wakati ule, kipande laini cha siku ya kwanza na kipande kigumu cha siku ya tano vilionekana sawa. Alieleza yale aliyoyapima na namna ya kuyapata tena, basi.

Maelezo yalianza kupatikana mwaka 1919, wakati Paul Merica na wenzake wawili wa Marekani walipochunguza kiasi cha shaba kinachoweza kuyeyuka ndani ya alumini ngumu. Tunaweza kuwafafanulia wanafunzi jambo hilo kwa mfano wa sukari. Maji ya moto huyeyusha sukari nyingi kuliko maji baridi. Maji hayo yakipoa polepole, sukari iliyozidi huanza kujitenga na kuwa fuwele. Alumini nayo, ingawa haijayeyuka, hupokea shaba nyingi ndani yake inapokuwa na joto kali, na shaba kidogo sana inapokuwa baridi. Ikipozwa ghafla katika maji, atomi za shaba hukosa nafasi ya kujitenga, zikabaki zimetawanyika mahali pasipo pake. Baadaye, katika siku zinazofuata, husogea kidogo kidogo na kukusanyika katika vikundi vidogo mno.

Vikundi hivyo hufanyaje metali kuwa ngumu? Metali inapobonyea, tabaka za atomi zake huteleza moja juu ya nyingine. Haziteleszi zote kwa mara moja. Chukua mkeka mkubwa uliotandikwa sakafuni. Kuuvuta mzima ni kazi ngumu, lakini ukiufanyia kunjo upande mmoja na kulisukuma kunjo hilo mpaka upande wa pili, mkeka wote utakuwa umesogea. Ndivyo tabaka za atomi zinavyosogea. Sasa weka mawe mengi madogo juu ya mkeka huo. Kunjo litakwama kwenye kila jiwe. Vikundi vya atomi za shaba ndani ya alumini ni mawe ya namna hiyo.

Vikundi hivyo vilitambuliwa kwa eksrei mwaka 1938, na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali, André Guinier wa Ufaransa na George Preston wa Uingereza. Wilm alikuwa amefariki tarehe 6 Agosti, 1937. Hivyo kutoka Jumatatu ile ya mwaka 1906 mpaka kuonyeshwa kwa sababu yake ilipita miaka 32, na mgunduzi hakuishi kuiona.

Katika Mkoa wa Songwe tunao ushuhuda mkubwa wa jambo linalofanana na hilo. Kimondo cha Mbozi ni bonge la chuma lenye nikeli ndani yake. Vimondo vya chuma vya jamii hiyo, kipande chake kikikatwa, kikang'arishwa na kupakwa asidi, huonyesha michirizi iliyopishana. Michirizi hiyo ilitokea kwa sababu vitu hivyo vilipoa polepole mno huko angani, kwa muda wa mamilioni ya miaka, na aina mbili za fuwele zikapata nafasi ya kutengana mpaka zikaonekana kwa macho. Metali ya Wilm ilipozwa ghafla, na utengano wake ukabaki mdogo usioonekana. Kanuni ni moja: namna metali inavyopoa huacha alama ndani yake. Wanafunzi wapelekwe kukitazama kimondo hicho, lakini waonywe mapema kwamba hakuna ruhusa ya kukikwangua wala kukimega.

Alumini ya kusubu

Bamba la Wilm lilikuwa limebanwa kwa mashine mpaka likawa jembamba. Pistoni na vifaa vingi vya magari havitengenezwi hivyo, bali husubiwa katika kalibu. Je, vyombo vya kusubu navyo hukomaa? Hukomaa, nao walikuwa wakikomaa kabla Wilm hajajua. Wilbur na Orville Wright walipoirusha ndege yao huko Marekani tarehe 17 Desemba, 1903, injini yake ilikuwa na kasha la alumini la kusubu lenye shaba kiasi cha asilimia 8. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba ndani ya kasha hilo mlikuwa na vikundi vya atomi za shaba vya namna ile ile. Joto la kusubu na kupoa kwake vilifanya kazi pasipo mtu kukusudia. Tofauti kati ya jambo hilo na kazi ya Wilm ni kwamba Wilm alipima, akarudia, akaandika. Ndiyo maana wengine waliweza kulifuata.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maabara ya taifa ya Uingereza huko Teddington ilitengeneza mchanganyiko wa kusubu wenye shaba asilimia 4, nikeli asilimia 2 na magnesi asilimia moja na nusu, ukatumika kwa pistoni za injini za ndege. Siku hizi vifaa vingi vya kusubu, zikiwamo rimu za magari, hutengenezwa kwa alumini yenye silikoni kiasi cha asilimia 7 na magnesi chini ya nusu asilimia. Humo magnesi na silikoni ndizo zinazoungana na kuwa mawe juu ya mkeka, badala ya shaba.

Utaratibu wa kuvikomaza vifaa hivyo una hatua tatu. Kwanza, hutiwa moto wa nyuzi 540 hivi kwa saa kadhaa. Muda huo ni mrefu kuliko ule wa bamba jembamba, kwa kuwa fuwele za metali iliyosubiwa ni kubwa na vitu vyake havikutawanyika sawasawa. Pili, huzamishwa ghafla katika maji. Tatu, hupashwa tena moto mdogo wa nyuzi 150 mpaka 170 kwa saa kadhaa, ili ukomavu usisubiri siku nyingi. Moto huo wa tatu una kiasi chake. Ukizidi, au ukidumu mno, vikundi vidogo huungana na kuwa vikubwa vichache vilivyoachana mbali. Mawe yakiwa machache, kunjo hupata njia ya kupita, na metali hurudia ulaini.

Mambo haya yanagusa usalama wa watu. Rimu ya alumini iliyopinda ikipashwa moto wa gesi ili inyooshwe, huweza kupoteza ugumu iliopewa kiwandani, na jicho haliwezi kuutambua upungufu huo. Vilevile mafundi wetu wanaoyeyusha pistoni chakavu ili wasubu sufuria hufuta kazi yote ya ukomavu pale metali inapokuwa maji. Kwa sufuria hilo si hasara kubwa. Lakini kifaa cha gari kikisubiwa upya kwa njia hiyo, bila hatua zile tatu, kitafanana na cha kwanza kwa sura tu.

Chombo kilichotaka kufika kwetu

Metali ya Wilm haikupata sifa yake katika maganda ya risasi, bali angani. Tangu mwaka 1914 mbavu za vyombo vikubwa vya angani vya Ujerumani viitwavyo Zeppelin zilianza kutengenezwa kwa Duralumin. Tarehe 21 Novemba, 1917, kimojawapo, L 59, chenye urefu wa zaidi ya mita 220, kiliondoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria kikiwa na shehena ya tani 15 hivi, kwenda kuwasaidia askari wa Jenerali von Lettow-Vorbeck katika nchi yetu, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wajerumani. Hakikutarajiwa kurudi. Kilipofika juu ya Sudani, magharibi ya Khartoum, kiliamriwa kwa simu ya upepo kigeuze. Kilitua Jamboli baada ya saa 95 na safari ya kilometa 6,800 hivi bila kushuka. Mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa Novemba 1918, jeshi hilo lilipita Fife, ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma, kabla ya kuweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibebeshwa mizigo ya majeshi ya pande zote mbili.

Tunaeleza habari hizi ili mwalimu asifundishe sayansi kama kwamba haina mwenye kuituma. Metali ile ile ilibeba mabomu katika vita, na kuanzia mwaka 1919 ikabeba abiria katika ndege za Junkers. Mwaka huo huo wa 1919 Wilm aliacha utafiti, akaenda kulima huko Saalberg, Silesia, na ndiko alikofia.

Mafunzo kwa mwalimu

Somo la kwanza tunalolipata katika maisha haya ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mwalimu apange majaribio yatakayopimwa zaidi ya mara moja, na tarehe na saa ziandikwe kila mara. Laiti msaidizi wa Wilm asingeandika kipimo cha Jumamosi, kile cha Jumatatu kisingekuwa na maana yoyote.

Somo la pili ni kwamba mtoto asifute. Kipimo kisicholingana na kitabu kipigiwe mstari, kisha darasa lirudie jaribio. Jibu la kosa litajitenga lenyewe kwa kutorudi tena. Jibu la kweli litarudi. Mwalimu anayemfutisha mtoto kipimo chake humfundisha kwamba macho yake hayana thamani mbele ya ukurasa wa kitabu, na somo hilo mtoto halisahau kwa urahisi.

Somo la tatu ni kwamba mwalimu anaweza kukiri hajui sababu, mradi aeleze kwa usahihi kilichotokea. Wilm alifanya hivyo, na heshima yake haikupungua.

Kutia alumini moto wa nyuzi 500 si kazi ya darasa la shule ya msingi, na tunakataza kabisa kuyeyusha metali mbele ya watoto. Yapo majaribio mawili ya salama. La kwanza ni la kulinganisha ugumu. Mwalimu mwenyewe achukue gololi ya beringi chakavu, aiweke katikati ya kipande cha alumini na kipande cha chuma, avibane kwa jiliwa polepole, kisha avifungue. Wanafunzi wapime kwa rula upana wa shimo katika kila kipande. Shimo pana ni dalili ya ulaini. Hiyo ndiyo kanuni ya kipimo cha Brinell, Mswidi aliyekitangaza mwaka 1900.

La pili ni la kupima mara mbili. Ijumaa asubuhi wanafunzi wafinyange matofali madogo ya saruji na mchanga. Mchana waidondoshe gololi kutoka kimo cha nusu meta, wapime shimo, na kuandika. Matofali yabaki na unyevu mpaka Jumatatu, kisha jaribio lirudiwe mahali papya kwa kimo kile kile. Waelezwe wazi kwamba saruji hukomaa kwa sababu nyingine, yaani kwa kuungana na maji, wala si kwa sababu ya alumini. Tunachokitafuta hapa ni tabia ya kurudi kupima kitu ambacho mtu alidhani amekwisha kukijua.

Darasani Jumatatu hiyo, kabla ya kueleza lolote, mwalimu awaache wanafunzi wasome wenyewe vipimo vya siku zote mbili. Akiona mtoto mmoja anashika kifutio, amzuie, amwulize amepata ngapi, na aandike namba hiyo ubaoni.